Mwokoaji wa Nne

Siku niliyohamishiwa kituo cha michezo cha chuo nilidhani nimeadhibiwa. Nilikuwa nimezoea maabara ya kompyuta, chumba chenye feni na mlango unaofungika, na sasa nilikuwa napewa meza kwenye korido iliyonuka klorini upande mmoja na viatu vya mpira upande wa pili. Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mliobaki na ile meza mmeniomba niwaachie maelezo ya kazi niliyoifanya pale. Maelezo ya kiufundi mnayo tayari. Niliyaandika wakati ule, tena mengi kuliko mtakayosoma. Haya ni yale mengine.

Mkuu wa kituo alikuwa Bwana Ombok, mtu mrefu, mchezaji voliboli wa zamani, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja hata mkiwa mmekaa meza moja. Asubuhi ile ya kwanza nilimkuta anaajiri. Kila mwanzo wa muhula kituo kilichukua wanafunzi wa kufanya kazi za zamu: getini, stoo ya vifaa, chumba cha mazoezi ya viungo, na waokoaji wa bwawa la kuogelea. Foleni ilianzia mlangoni kwake ikafika uwanja wa netiboli. Nilisimama kando nikasikiliza usaili.

"Wewe unatoka wapi?"

"Katito, sir."

"Katito kwa nani?"

Mwanafunzi akataja jina la baba yake. Bwana Ombok akafikiri kidogo, akasema, "Stoo." Usaili ukaisha. Aliyefuata, msichana mwembamba mwenye mabega mapana, alijibu kwamba anatoka Nyalenda, na alipoulizwa Nyalenda kwa nani akasema, "Kwa mama yangu." Akaambiwa arudi muhula ujao.

Mimi mwenyewe ni wa Katito. Bwana Ombok alipogundua hilo akaanza kuniita nyar Katito, yaani binti wa Katito, na akaniletea kiti chenye mto. Sikukikataa kile kiti. Nasema hivi ili mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Aliajiri watu jinsi yeye mwenyewe alivyoajiriwa, na hakuna aliyewahi kumwonyesha njia nyingine.

Lakini muhula uliotangulia lilikuwa limetokea jambo. Msichana wa mwaka wa kwanza alizama upande wa kina kirefu huku mwokoaji amesimama ukingoni akipiga filimbi. Aliipiga kwa bidii sana. Hakujua kuogelea. Aliyemtoa yule msichana ni mhadhiri mmoja aliyekuwa na desturi ya kuogelea kabla ya kwenda darasani. Msichana alipona, ila baba yake alikuja chuoni, akaketi mbele ya wakubwa, akauliza ni nani aliyemwajiri yule mwenye filimbi na alitumia kipimo gani. Hakuna aliyeweza kumjibu. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya uhamisho: nikatengeneze hifadhidata ya kuajiri wanafunzi.

Nilipewa pia mwalimu. Madam Nafula alikuwa mkuu wa takwimu wa chuo, mama wa miwani mikubwa, asiyependa kelele wala chai ya maziwa. Jambo la kwanza alilofanya ni kunikataza kugusa kompyuta.

"Ukiifungua sasa utaanza kuchagua rangi za vitufe," aliniambia. "Kwanza tujue tunaweka nini ndani."

Vifaa vyetu vilikuwa kadi za manila, kalamu za wino mzito na uzi wa sufu. Tulitandaza kadi sakafuni katika chumba cha tenisi ya meza, jambo ambalo wachezaji wa tenisi ya meza hawajatusamehe hadi leo. Kadi moja iliandikwa MTU, nyingine KAZI, nyingine CHETI, nyingine ZAMU. Kila palipokuwa na uhusiano tulivuta uzi kutoka kadi hadi kadi. Mtu ana kazi. Kazi inadai cheti. Zamu inamdai mtu mwenye kazi hiyo, na mwenye cheti kilicho hai siku hiyo. Uzi ukijifunga fundo, Madam Nafula alisema, basi hata fikra zetu zina fundo.

Kisha akanituma nikaulize watu. "Ukisikia mtu anasema 'kwa kawaida', simama hapo hapo. Muulize siku isiyo ya kawaida inakuwaje."

Nilizunguka na swali hilo kwa wiki kadhaa. Getini waliniambia kwa kawaida mlinzi huwa mmoja. Isipokuwa siku za mechi, ambapo anakuja yeyote. Stoo waliniambia kwa kawaida Brian Otieno ndiye anayefungua. Nikawauliza Brian Otieno yupi, kwa sababu nilikuwa nimeshawapata watatu, na mmoja wao alikuwa mwokoaji aliyekuwa akipangiwa zamu za stoo na kulaumiwa kwa kutokuja. Mkiona mpaka leo kila kitu katika hifadhidata ile kinafungwa kwa nambari ya usajili wala si kwa jina, mjue ni kwa ajili ya kina Otieno.

Kanuni za bwawa ndizo zilizotupa kazi. Cheti cha uokoaji kiliishi mwaka mmoja, na kila mwaka mwokoaji alitakiwa kufanyiwa mtihani upya ndani ya maji. Watoto wakiwa bwawani lazima wawepo waokoaji wanne. Na kulikuwa na kanuni mbili za chuo chenyewe: mwanafunzi mmoja kazi moja, ili kazi ziwafikie wengi, na aliyeondolewa kazini asirudi kituoni muhula huo, kwa kazi yoyote. Madam Nafula aliizungushia hiyo ya mwisho wino mwekundu.

"Hii ni nyumba yenye mlango mmoja, wa kutokea," alisema.

Tuliipeleka kwa kamati ya michezo. Wakatuambia kanuni ni kanuni, sisi tuchore tu. Tukachora. Kwenye skrini mwanafunzi aliweza kuwa mojawapo ya vitu viwili: yupo kazini, au ameondolewa.

Funguo za kubadilisha tarehe za vyeti tulipewa watu wawili, Madam Nafula na mimi. Bwana Ombok hakulipenda hilo.

"Yaani mimi ndio mkuu hapa na siwezi kushika kitu ofisini mwangu?"

"Unaweza kuona kila kitu, sir," nilimwambia.

"Kuona ni kwa wageni," akasema, akaenda zake.

Muhula wa kwanza wa hifadhidata, maombi yaliingia kwa kompyuta na hakuna aliyeulizwa ni wa kwa nani. Yule msichana wa Nyalenda akapata kazi ya uokoaji. Jina lake lilikuwa Mercy Akinyi, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mama yake aliuza mboga sokoni, na Akinyi alikuwa amejifunza kuogelea ziwani kabla hajajua kusoma. Juu ya maji hakuwa na mpinzani pale chuoni. Watoto wa shule waliokuja kufundishwa Jumamosi walimfuata kama vifaranga, na hata Bwana Ombok alianza kumwonyesha kwa wageni kana kwamba yeye ndiye aliyemvumbua. Kwa ule mshahara wa zamu Akinyi alijilipia chumba na chakula, na alimsaidia mdogo wake kubaki shuleni. Hilo nilijua kwa sababu siku moja aliniambia, "Mama, hii sistimu yako ndiyo ilinionea huruma." Nilimwambia sistimu haina huruma, haina hata macho. Akacheka.

Mwaka ukapita. Ikaja wiki ya mashindano ya kuogelea ya shule za msingi. Shule za Kisumu na nyingine kutoka kando ya ziwa zilikuwa zimealikwa, wakubwa wa chuo walikuwa wanakuja, mahema yalikuwa yameshasimamishwa. Ijumaa mchana nilitoa orodha ya zamu ya Jumamosi, na badala ya waokoaji wanne zikatoka nafasi tatu zenye majina na moja tupu. Nikatazama sababu. Cheti cha Akinyi kilikuwa kimekwisha siku hiyo hiyo.

Nilitazama zaidi nikaona kwamba alikuwa ameitwa kwenye mtihani wa kurudia mara tatu, na mara zote tatu aliomba asogezewe mbele. Mara ya kwanza alikuwa na mafua. Mara ya pili, mtihani wa darasani. Mara ya tatu hakuandika sababu.

Waokoaji wengine wenye vyeti hai walikuwa wameshakwenda nyumbani au wana mitihani. Nilipiga simu kwa kila mmoja. Kufikia saa tisa sikuwa na wa nne, na Bwana Ombok alikuwa amesimama mbele ya meza yangu.

"Nyar Katito, hii ni tarehe tu," alisema. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea kwa sauti ndogo. "Ongeza mwezi moja, tuendelee. Jumatatu anafanya mtihani, unarudisha vile ilikuwa."

"Siwezi, sir."

"Huwezi ama hutaki? Funguo si uko nayo?"

"Ninayo."

"Huyu msichana anaogelea kuliko samaki. Wewe unajua, mimi najua, hata mpishi wa kantini anajua. Sasa watoto mia ngapi wafukuzwe getini kesho kwa sababu ya namba kwenye kompyuta? Nitawaambia wakubwa nini? Nitawaambia ni wewe."

Hakuwa anatisha tu. Mkataba wangu wa pale ulikuwa wa kuongezwa kila baada ya muda, na sahihi iliyotakiwa ilikuwa yake. Nilimwambia anipe nusu saa. Nikatoka nje nikasimama karibu na bwawa. Mafundi walikuwa wanafunga bendera za rangi juu ya maji. Nikampigia Madam Nafula, nikitumaini, nasema kweli, kwamba ataniamuru kitu kimoja au kingine ili uamuzi usiwe wangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Hiyo tarehe ukiibadilisha," alisema, "hakuna mtu atakayejua."

"Najua."

"Kwa hiyo sina la kukuambia, Consolata. Wewe ndiye umekaa hapo. Lakini mbona amesogeza mara tatu? Mtu anayeogelea hivyo, mtihani kwake si ni kuoga tu?"

Nilirudi nikamtafuta mtahini. Mwalimu Were alikuwa mtu wa Luanda Kotieno, alikofundisha wafanyakazi wa maboti namna ya kuokoa watu, na chuo kilimtumia kwa mitihani ya bwawa. Nilimweleza. Akasema anaweza kutoka nyumbani alfajiri na kufika kabla ya mageti kufunguliwa, ila msichana awe tayari, kwa sababu yeye hapimi watu kwa huruma. Nilimpelekea Bwana Ombok habari hiyo. Aliipokea kama mtu aliyepewa nusu ya alichokiomba.

"Na akikosa?" akauliza.

Nilirudi mezani nikampigia Akinyi simu ajitayarishe.

Asubuhi ya Jumamosi nilifika na kumkuta Akinyi amekaa nje ya vyumba vya kubadilishia nguo, taulo mabegani. Nilitarajia atakuwa amefurahi. Hakuinua uso.

"Mama, si ungeongeza tu hiyo tarehe," alisema. "Nitafanya wiki ijayo. Naapa."

"Kwa nini si leo?"

"Leo sijisikii."

"Wewe ni mgonjwa?"

"Siko mgonjwa. Sijisikii tu." Kisha akasema haraka haraka, "Nikianguka leo mnaniondoa. Na nikiondolewa siwezi rudi, hata getini, hata kufagia. Nimesoma hiyo kanuni mama, ninaijua kwa moyo. Nyumba nalipa na nini?"

Nilikaa kando yake. Ningeweza kumaliza jambo lile kwa vidole viwili, na yeye alijua kwamba ninaweza. Nilimwambia kwamba sitabadilisha. Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira, ila jinsi mtu anavyomwangalia mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. Akasimama akaenda bwawani.

Mwalimu Were alikuwa mfupi, mnene, mwenye suruali ya kaptura na saa ya mkononi kubwa kuliko mkono. Mabasi ya kwanza ya shule yalikuwa yameshafika. Watoto wamevaa sare za michezo, wamejipanga nje ya ua wa waya, wakiangalia ndani. Bwana Ombok alisimama kwenye kivuli cha hema akitazama simu yake bila kuisoma.

Sehemu ya kwanza ilikuwa kuogelea urefu wa bwawa kwenda na kurudi. Akinyi aliimaliza kana kwamba amesukumwa na mtu. Watoto nje ya waya wakapiga makofi. Sehemu ya pili ilikuwa kumvuta mtu majini, na akamvuta mmoja wa waokoaji wenzake vizuri kabisa, kidevu juu, bila kumwagia maji usoni. Bwana Ombok akanigeukia na uso wa mtu anayeanza kudai aombwe msamaha.

Sehemu ya mwisho ilikuwa upande wa kina kirefu. Mwalimu Were akatupa tofali la mpira, likazama, likakaa chini jeusi kama kivuli. Mwokoaji alitakiwa kupiga mbizi, alichukue, apande nalo.

Akinyi alivuta pumzi, akashuka. Akarudi mikono mitupu.

"Hakuna shida," alisema Mwalimu Were. "Una nafasi tatu."

Mara ya pili alikaa chini zaidi, akarudi mikono mitupu tena, na safari hii hakutokea pale alipoingilia. Alitokea kando kabisa, karibu na ngazi, akaushika ukingo kwa mikono miwili kana kwamba bwawa linataka kuinama. Niliona Mwalimu Were ameacha kutazama saa.

"Msichana, toka upumzike."

"Niko sawa."

"Nimesema toka."

"Mwalimu, niko sawa," alisema, na kabla hajajibiwa akashuka tena.

Maji yalikuwa safi na tulimwona wote. Alilifikia tofali. Alilishika. Kisha badala ya kupanda akaanza kuogelea kwa nguvu zake zote kuelekea chini, kuelekea pembeni, akagonga ukuta kwa bega, akageuka, akarudi chini tena. Hakuwa anahangaika kama mtu aliyekosa pumzi. Alikuwa anaogelea vizuri sana, ila kuelekea upande usiokuwa juu. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha kama kile. Mwalimu Were alikuwa ameshaingia majini na kaptura yake, na saa yake, na viatu.

Alimtoa. Walimlaza ukingoni, akakohoa maji, akatapika, na macho yake yalikuwa yanakwenda mbio upande hadi upande kama ya mtu anayesoma. Alinishika mkono akauliza, "Juu ni wapi?" Nje ya waya mwalimu mmoja wa shule alikuwa anawageuza watoto migongo mmoja mmoja.

Alipopelekwa kliniki ya chuo, Mwalimu Were alikaa kwenye benchi akimwaga maji kutoka viatuni. Bwana Ombok alimwendea. Nilidhani atazungumza habari za mashindano. Alisema tu, "Ero kamano," yaani asante, mara moja, akakaa kando yake. Baada ya muda Mwalimu Were akauliza ni nani wa nne. Nikasema hakuna. Akasema cheti chake yeye ni hai, nikaangalie. Nikaangalia, nikakuta ni kweli, nikamwandika. Mashindano yalianza kwa kuchelewa, na mwokoaji wa nne alisimama ukingoni kutwa nzima na kaptura iliyokauka mwilini mwake. Wageni wakubwa walidhani ni mtindo.

Jioni nilikwenda kliniki. Daktari alikuwa amesema ngoma ya sikio la kushoto la Akinyi imetoboka, tangu ugonjwa alioupata likizoni na ambao hakuutibu vizuri. Juu ya maji hakuwa na tatizo. Akipiga mbizi, maji ya baridi yakiingia ndani ya sikio, kichwa kilizunguka na hakujua tena mbingu ilipo.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua ile siku ya mafua," alisema. "Nilishuka kujaribu peke yangu, nikapotea kidogo. Nikasema sitashuka tena. Nikakaa kwa upande wa watoto, kule maji ni kidogo."

"Na kama mtoto angezama huku kwa kina?"

"Kila zamu nilikuwa naomba isitokee," alisema. "Mama, ningewaambia nini? Nikisema ukweli, sistimu yenu iko na neno moja tu. Ameondolewa. Sasa ungekuwa mimi ungesema?"

Nilikaa pale mpaka muuguzi aliponiambia saa za wageni zimekwisha.

Jumatatu Madam Nafula na mimi tulirudisha kadi sakafuni. Hatukuhitaji nyingi mpya. Tuliondoa uzi uliomfunga mtu kwenye kazi moja, tukaweka kadi katikati: ANAWEZA. Mtu mmoja anaweza kazi nyingi, kila moja kwa sharti lake. Na baina ya "yupo" na "ameondolewa" tukaongeza hali ya tatu, "amepumzishwa", ambayo mwanafunzi mwenyewe angeweza kuiweka kwa kazi fulani bila kupoteza nyingine, na bila kuulizwa kwanza. Mchoro wenyewe ulichukua asubuhi moja. Kilichobaki ni kamati.

Kikao kilikuwa kigumu. Mwenyekiti alisema wanafunzi watalitumia vibaya, watajipumzisha kila wakiwa wavivu. Mwingine akasema msichana aliyedanganya chuo karibu aue mtoto na sasa tunataka kubadilisha kanuni kwa ajili yake. Aondolewe, mambo yaishe. Nilieleza nilivyoweza. Nilipokaa nilijua hatujashinda. Madam Nafula alikuwa amekunja mikono, jambo alilofanya alipoona hesabu imeharibika.

Ndipo Bwana Ombok akaomba nafasi. Safari hii alitumia ile sauti yake ya uwanjani.

"Kabla hamjamwondoa huyo mtoto, niondoeni mimi kwanza," alisema. "Ijumaa nilimwambia huyu mama abadilishe tarehe. Nilimtisha na mkataba wake. Angenisikia, Akinyi angekuwa amesimama pale kwa kina, watoto mia mbili ndani ya maji, na mimi kwenye hema nakunywa soda na nyinyi." Akakaa. Kisha, akiwa amekaa, akaongeza, "Mwandike hiyo. Isiachwe."

Katibu alimwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akasema iandikwe. Kanuni ile ya mlango mmoja ilibadilishwa kabla ya chakula cha mchana. Bwana Ombok alipewa onyo kwa maandishi, akalipokea, na mkataba wangu akautia sahihi siku ambayo sikuwa hata nimeukumbuka.

Akinyi aliadhibiwa kwa kukaa nje wiki chache, kisha akarudi stoo. Sikio lilitibiwa, ila daktari hakumruhusu tena kupiga mbizi. Alipomaliza masomo ndiye aliyekuwa anapanga zamu zote za kituo, na waokoaji walimwogopa kuliko walivyoniogopa mimi, kwa sababu yeye aliwaangalia machoni kabla ya kuwaandika.

Hifadhidata mpya ilifunguliwa mwanzoni mwa muhula uliofuata mashindano, siku ya Jumatatu. Nilifika mapema kuangalia kama kuna kitu kimeharibika, kwa maana siku ya kwanza lazima kitu kiharibike. Hakikuwa kimeharibika kitu. Ila wanafunzi kadhaa walikuwa wameshajipumzisha. Mmoja wa chumba cha mazoezi aliandika kwamba ni mjamzito na hawezi kubeba vyuma. Mmoja wa getini aliandika kwamba ana kifafa na anaomba asiwekwe peke yake. Wa tatu alikuwa mwokoaji, mvulana wa mwaka wa tatu anayeitwa Collins, mpole, ambaye hajawahi kukosa zamu hata moja. Aliandika: "Ndugu yangu alizama Mbita likizo ya Desemba. Siwezi tena kuangalia maji."

Nilitazama orodha ya zamu. Orodha ya asubuhi ilikuwa imetoka kabla hajaandika, na yeye alikuwa juu ya kiti bwawani wakati ule ule.

Nilimwita Bwana Ombok. Alisoma akiwa ameinama juu ya bega langu, akasoma tena, akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni. Collins alikuwa amekaa kwenye kile kiti kirefu, amenyooka, filimbi mdomoni, ameshika vyuma vya pembeni kwa mikono yote miwili. Kulikuwa na waogeleaji majini na wengine wakingoja kuingia.

Bwana Ombok alipiga makofi mara moja, akasema watu wote watoke majini. Mhadhiri mmoja akauliza kuna nini. Akamwambia bwawa limefungwa. Akangoja mpaka wa mwisho alipotoka, akaburuta mnyororo akafunga geti, kisha akapanda vipago vya kile kiti, mtu mzima yule, akasimama kwenye kipago cha juu mpaka uso wake ukalingana na wa kijana.

"Omera, shuka," alimwambia, yaani ndugu yangu, shuka. "Tushuke pamoja."